Ng'ombe Saba wa Kwenye Picha

Binti niliyemtafsiria barua kwa miaka tisa amempoteza mfadhili wake kwa sababu ya ng'ombe saba ambao si wa kwao. Barua ya kumuaga ilifika mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumatano, nikiwa peke yangu ofisini, na ilikuwa ya upole kuliko zote ambazo yule mama wa ng'ambo amewahi kuandika. Alimshukuru Mungu. Alisema ameiweka picha mpya kwenye meza ya jikoni kwake, akawahesabu ng'ombe waliosimama nyuma ya binti, mmoja mmoja, hadi saba. Baba yake, aliandika, alikuwa mfugaji, na kwa ng'ombe wanne alisomesha watoto watatu. Kwa hiyo ameona kwamba maombi yamejibiwa na familia imesimama, na ameomba msaada wake uhamishiwe kwa mtoto mwenye shida zaidi.

Picha ile niliipiga mimi. Na barua zote alizosoma kabla ya picha hiyo nilizitafsiri mimi.

Kituo chetu cha watoto kiko nyuma ya kanisa, nusu saa kwa bodaboda kutoka Nduguti, kwenye vijiji ambavyo watu wanalima mtama na alizeti na kufuga kidogo. Kila mtoto aliyeandikishwa ana mtu mmoja katika nchi ya mbali anayemjua kwa picha na kwa barua, na anayetoa kila mwezi kwa ajili yake. Huyo ndiye tunayemwita mfadhili. Jumamosi watoto wanakuja, wanakunywa uji, wanajifunza Neno, wanapimwa uzito, na wakubwa wanasaidiwa hesabu. Wa Kikristo wanakuja na wa Kiislamu wanakuja, hatuulizani mlangoni.

Nakijua kituo hiki kwa sababu nilikuwa mtoto wake kabla ya kuwa mfanyakazi wake. Siku walipokuja nyumbani kwetu na fomu walimkuta mama amekaa kizingitini anang'oa kope zake kwa kibanio cha bati. Ugonjwa wa macho ulikuwa umezikunja kope kwa ndani na zilimchoma kila alipopepesa. Macho yangu yalikuwa yameanza kuwa mekundu vilevile. Kanuni ilikuwa mtoto mmoja kwa kila kaya, na bado ndiyo hiyo. Walinichukua mimi kwa sababu nilikuwa na umri uliotakiwa. Kaka yangu alikuwa ameuzidi kwa mwaka mmoja.

Nilipata dawa ya macho na viatu. Nilipata mfadhili, dereva wa basi, ambaye kila barua yake ilikuwa mistari sita na mmoja kati ya hiyo uliuliza habari za kuku wetu. Lakini nikitafuta kilichonitoa kule nilikokuwa, naona ni kwamba kulikuwa na mtu mwenye daftari, ambaye nisipoonekana shuleni siku mbili alikuja nyumbani kuuliza sababu. Mama hakuwa na nguvu za kubishana naye, kwa hiyo nilikwenda shule. Nikaendelea kwenda hadi nikamaliza chuo cha maendeleo ya jamii, nikarudi hapa kufanya kazi.

Kaka yangu yuko Rungwa, anarina asali. Ni mtu mwema, ana nguvu, na kwa maneno ya kuchekesha ananishinda mbali. Nikimtumia ujumbe kwenye simu anampa mtu amsomee. Tulilelewa kwa sufuria moja. Mtu akiniuliza kama ufadhili wa watoto unasaidia kweli, au ni jambo la kuwafurahisha Wazungu tu, namwambia habari za kaka yangu na mimi.

Ndiyo maana jambo hili limenikera kiasi hiki. Kingekuwa kitu kisichosaidia, ningefunga ofisi nikaenda zangu kulima.

Binti ninayemsema aliandikishwa akiwa darasa la pili. Anaishi na bibi yake, mama wa mama yake. Mama alifariki, baba alikwenda migodini kutafuta kazi na hajarudi wala hajatuma neno. Nyumba yao ni tembe, ya udongo chini na udongo juu, kwenye mteremko unaotazama mawe makubwa. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye mwandiko wa kulala upande wa kushoto, na alikuwa wa kwanza kuosha kikombe chake baada ya uji bila kuambiwa. Mwezi wa kumi na moja alikuwa anamaliza kidato cha tatu.

Sekondari ya kata iko mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, kupita korongo ambalo likijaa halivukiki. Ada hakuna, serikali iliifuta. Lakini hosteli ni michango ya wazazi, kwa maana ya chakula, mlinzi, matroni na kuni, na kitanda chake pale kilikuwa kinatokana na msaada wa yule mama. Wasichana wanne wa kijiji chao waliingia kidato cha kwanza pamoja. Watatu walikuwa wakitembea kutoka nyumbani, na wote wameacha shule. Amebaki yeye peke yake, mwenye kitanda.

Kwa hiyo niliposoma ile barua ya upole, nilichokiona ni kitanda.

Sasa niseme juu ya barua, kwa sababu kosa lilianzia huko na lina alama za vidole vyangu. Jumamosi ya barua naandika mpangilio ubaoni. Kwanza salamu, pili habari za nyumbani, tatu shule, nne shukrani, mwisho swali moja kwa mfadhili. Shirika linalotuunganisha na wafadhili linakataza mtoto kuomba kitu, na kwa hilo sina ugomvi nalo. Mtoto asifundishwe kuombaomba. Ila juu ya kanuni hiyo tuna yetu, haijaandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuifundisha kwa sababu hakuna asiyeijua. Mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema nzuri. Habari za watoto, nzuri. Habari za mifugo, nzuri. Akishaketi, akaletewa maji, akanywa, akauliza mara ya pili kwa sauti ya chini, hapo ndipo unamwambia kwamba kuna mgonjwa ndani. Nimewahi kumwona mzee aliyetumwa kuleta habari ya msiba akijibu salamu zote, moja baada ya nyingine, kwamba ni njema, kabla ya kuvua kofia.

Kwenye barua hakuna kuketi wala kunywa maji. Ukurasa unaishia kwenye nzuri.

Jioni ya ile Jumatano nilitoa daftari langu la ziara, maana kila nyumba ninayotembelea naandika ninachokiona. Nikachora mstari katikati ya karatasi. Kushoto nikaweka alichoandika binti, kulia nilichokikuta kwao mwaka uleule.

Darasa la nne aliandika kwamba mvua imenyesha sana na wanamshukuru Mungu. Ilinyesha kweli. Iliangusha ukuta wa nyuma, wakalala wiki tatu kwenye jiko la jirani. Darasa la sita aliandika, bibi anakusalimu, siku hizi anapumzika. Bibi alikuwa ameteleza kisimani akavunjika nyonga, na alikuwa anapumzika kwa sababu hakuweza kusimama. Kidato cha kwanza, mwanzoni, kabla hatujampatia nafasi hosteli, aliandika kwamba anapenda sana ugali wa mtama na mlenda. Ndicho kilichokuwepo, mara moja kwa siku.

Nilitafuta neno la uongo katika miaka tisa, sikulipata hata moja. Na mimi nilitafsiri kwa uaminifu, neno kwa neno, nikijisifu kwamba siongezi wala sipunguzi.

Yale ya upande wa kulia yalikuwepo pia ofisini, kwenye fomu za kutembelea nyumbani. Ukuta upo, nyonga ipo, mlo mmoja upo. Fomu hizo zinakaa kwenye faili la bluu, na nakala za barua kwenye faili la kijani, rafu ya tatu, kabati lilelile. La bluu haliendi ng'ambo, kwa ajili ya kulinda siri za familia. Mafaili hayo mawili yameegemeana miaka tisa. Hakuna aliyewahi kuyafungua kwa pamoja, na mwenye ufunguo wa kabati ni mimi.

Picha mpya hupigwa kila baada ya miaka miwili. Za nyuma zote tulipigia kwenye ukuta wa kanisa. Safari hii likizo fupi ya mwezi wa tisa ilikuwa inaisha, binti anarudi hosteli kesho yake, kwa hiyo nikaenda na kishikwambi cha ofisi hadi kwao. Nilitaka kumpigia kwenye mlango wa nyuma. Bibi akakataa, akaonyesha kwa fimbo ule ukuta wa nyuma, ambao siku hizi umeshikiliwa na magogo matatu.

"Hapo hapana," alisema. "Yule mama atadhani tunamtolea macho."

Ng'ombe walikuwa ndio wanarudi kunywa maji. Nikamwambia binti asimame mbele ya zizi, jua likimpiga usoni vizuri. Alikuwa amevaa sare, amejipaka mafuta. Aliniuliza, "Dada, nicheke?" Nikamwambia acheke kidogo. Nilipoiona picha nilifurahi. Nilidhani ndiyo nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka huo.

Kila mtu wa kwetu akiiona picha ile hajui ng'ombe ni wa nani, na hatauliza. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote mahali pamoja. Anawagawa, watano kwa huyu, saba kwa yule, ili ugonjwa ukipita usiwamalize, na ili ndugu na wakwe wasijue idadi. Anayewafugia hupata maziwa na samadi, na baada ya miaka mingi, mwenyewe akiridhika, ndama. Kumwuliza mtu kama ng'ombe walio kwenye zizi lake ni wake ni utovu wa adabu, na kuwahesabu kwa sauti ni zaidi. Nyumba ya bibi ilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu ni ya mwisho ambayo mtu angeishuku. Wanachungwa pamoja na wa jirani, na binti akiwa likizo anawachunga yeye. Mimi nilijua yote haya nilipokuwa nashika kile kishikwambi. Nilijua, na haikunipitia akilini kwamba upande wa pili wa picha kuna mtoto wa mfugaji atakayefanya kile ambacho watoto wa wafugaji wa kwao hufanya, yaani kuhesabu.

Alhamisi nilimpelekea barua mkuu wa kituo. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa taratibu, anayetembea na kalamu mbili mfukoni, na alikuwa mmoja wa wale waliokuja kwetu na fomu nikiwa mtoto. Aliisoma mara mbili. Kisha akaniambia kwamba binti ataingia kwenye orodha ya wanaosubiri mfadhili, ataendelea kuja Jumamosi, ataendelea kutibiwa, ila hosteli haimo. Nikamwuliza kusubiri huko huchukua muda gani. Akavua miwani. Wafadhili wapya, alisema, wanachagua wadogo, wa miaka minne, mitano, na hilo nalijua kama anavyolijua yeye.

Nikasema tumwandikie yule mama tumweleze.

"Mwanangu, mfadhili ameshaamua. Sisi si wa kumwambia mtu mzima kwamba amekosea kuhesabu."

"Hajakosea kuhesabu, mkuu. Ni saba kweli."

Hilo lilimchekesha kidogo, halafu likamchosha. Akanipa njia iliyopo. Taarifa za kaya zinaweza kusahihishwa, na zikisahihishwa ofisi ya taifa ya shirika inaweza kumjulisha mfadhili kwamba hali si kama alivyoiona. Ila panatakiwa uthibitisho. Barua ya mtendaji wa kijiji inayosema ng'ombe si wa kaya hiyo, ikitaja ni wa nani, na mwenyewe aweke sahihi. Nikileta barua hiyo, alisema, ataituma siku hiyohiyo. Tukaomba pamoja, kama kawaida yake, nikatoka.

Kesho yake nilikwenda kwa bibi. Alikuwa amekaa kwenye ngozi, anapepeta mtama, mguu mmoja ameunyoosha kwa ajili ya ile nyonga. Shikamoo, marahaba mjukuu wangu, habari za kituoni. Nikasikia mdomo wangu ukisema nzuri. Nikaletewa kigoda, nikapewa maji, nikanywa, akauliza tena kwa sauti ya chini. Hapo nikamweleza yote. Tulikuwa tumehamia kwenye Kinyiramba, lugha ya kwetu, lakini nitayaweka maneno kwa Kiswahili.

"Kwa hiyo huyo mama kakaa kwake jikoni," alisema, "anahesabu ng'ombe wa watu?"

"Ndiyo, bibi."

"Mpaka wa mwisho?"

"Mpaka wa mwisho."

"Na ni mtu wa kanisa."

Akacheka hadi akashika ubavu. Nami nilicheka, sikuweza kujizuia. Kisha nikamweleza habari ya mtendaji na sahihi, na ungo ukasimama mikononi mwake.

"Mwenye ng'ombe alipowaleta aliniambia neno moja, nyamaza. Nimenyamaza mwaka wa nne huu. Leo niende nikamtaje ofisini, wagonge na muhuri?"

Nilimwambia ni kwa ajili ya mtoto. Nilimwambia barua ni ya siri, haitasomwa na mtu wa hapa. Akaniuliza inapita mikono mingapi, na kwa kuwa sikutaka kumdanganya nikahesabu. Mtendaji, mimi, mkuu, ofisi ya taifa, ofisi ya ng'ambo, na yule mama mwenyewe.

"Siri ya watu sita," alisema. "Si bora umpe mwenye spika za mnadani."

Sikukubali kushindwa. Nikamwambia bila hosteli binti atatembea, na anajua yaliyowapata wale watatu. Nilisema kwa ukali ambao sikupaswa kuutumia kwa mtu wa umri wake. Hakunijibu kwa ukali. Aliurudisha ungo chini taratibu.

"Maziwa aliyoyanywa huyu mtoto akapata nguvu ya kwenda hiyo shule, yametoka wapi? Mwenyewe akisikia ametajwa, jioni atakuja kuwachukua. Unataka nichague maziwa au shule. Sawa. Ungeniuliza kabla hujapiga picha."

Nikainuka, nikaweka kikombe juu ya kigoda.

Binti alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na ndoo kichwani. Alikuwa amefunga shule wiki ileile. Sijui alisikia kuanzia wapi, ila alisikia. Aliishusha ndoo, akanisindikiza hadi barabarani kama adabu inavyotaka, na tulipoliona kanisa akaniuliza.

"Dada, mfadhili akiacha, kuna barua ya mwisho?"

Ipo. Mtoto anaruhusiwa barua moja ya kuaga, kisha njia inafungwa. Nikamwambia ataiandika Jumamosi ijayo.

Jumamosi niliandika ubaoni mfano wa barua ya kuaga, kama ninavyofanya siku zote. Asante kwa yote, Mungu akubariki, sitakusahau. Binti aliusoma, akageuza kiti chake kikautazama ukuta, akaandika kwa muda mrefu. Watoto wengine walikuwa wamekwisha kunywa uji na kuanza kuimba. Aliponiletea karatasi aliishika kwa mikono miwili. Nanukuu sehemu kubwa kama alivyoiandika:

"Mama mpendwa, ng'ombe uliowaona si wetu. Siwezi kukuambia ni wa nani kwa sababu bibi alipewa siri. Sisi tunawatunza, tunapata maziwa na samadi. Ukuta wetu ulioanguka ulikuwa nyuma ya dada aliyenipiga picha, kwa hiyo haukuonekana. Bibi hatembei vizuri tangu nikiwa darasa la sita. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unanisalimia, na mtu akikusalimia unasema nzuri. Siombi kitu. Nilitaka ujue kabla hatujaagana. Asante kwa kitanda. Nililala vizuri."

Nimetafsiri barua nyingi, na hii ya robo tatu ya ukurasa ilinichukua siku mbili. Ile sentensi ya salamu niliiandika mara nne, na sijui hadi sasa kama mtu aliyekulia kwingine anaweza kuielewa. Niliiacha ilivyo. Nilijiambia nimepunguza vya kutosha kwa miaka tisa bila kujua.

Mkuu aliisoma akiwa amesimama.

"Hii si barua ya kuaga."

"Inaaga mwishoni, mkuu."

Akaenda kabatini, akanyoosha mkono nimpe ufunguo, akatoa faili la bluu. Alilifungua juu ya meza, kando ya barua. Alikuwa anatafuta fomu ya ziara ya mwezi wa tisa, niliyoijaza siku ileile ya picha. Kwenye kipengele cha mifugo iliyopo nyumbani palikuwa pameandikwa ng'ombe, na mbele yake tarakimu ya saba. Mwandiko ni wangu. Fomu haina mstari wa kuuliza mwenyewe ni nani, nami sikuongeza mstari.

"Nikiituma hii," alisema, bila ubaya wowote, "ofisi moja itakuwa imesema maneno mawili. Watauliza ni lipi la kweli. Na uthibitisho hatuna."

Nilimwambia yote mawili ni ya kweli. Nilimwambia pia kwamba yeye alikuja kwetu na fomu nikiwa sijui hata kushika kalamu, na hakumtaka mama alete muhuri wa mtendaji kuthibitisha kwamba macho yanamuuma. Nilipomaliza nilitambua kwamba nimepaza sauti na kwamba mpishi wa uji amesimama dirishani. Mkuu alikunja barua, akaiweka chini ya lile jiwe analotumia kuzuia karatasi zisipeperuke, akasema nimwachie.

Ilikaa chini ya jiwe Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Nilikuwa naingia ofisini kwake kwa visingizio, kuuliza stempu, kuuliza chaki, ili niione. Alhamisi jiwe lilikuwa peke yake. Nilipofungua mtandao wa shirika kwenye kishikwambi nilikuta mbele ya namba ya binti mstari mpya, barua ya kuaga, imepokelewa, ofisi ya taifa. Ameiskani mwenyewe, kwa kidole kimoja, maana siku zote kazi hiyo hunipa mimi. Hakuniambia na sijamwuliza. Alichosema juu ya fomu ya mwezi wa tisa, kama alisema kitu, sikijui.

Hiyo ilikuwa kabla ya Krismasi. Wiki ya sikukuu mwenye ng'ombe alikuja akawachukua wawili. Bibi anasema labda ni mahari ya mtoto wake, labda kuna mtu alimpelekea neno kwamba wametajwa kwenye barua, ingawa hawakutajwa. Hakumwuliza, na hawezi kumwuliza. Siku hizi akiniona ananijibu salamu zangu zote kwamba ni nzuri, na haniletei maji.

Shule zimefunguliwa jana, Jumatatu. Nilikwenda kwa matroni kabla, nikamweleza bila kumweleza. Ni mama mwenye huruma na chumba kidogo. Alisema bila michango hawezi kumlaza binti, ila atakishikilia kitanda chake hadi Ijumaa, kwa sababu kuanzia Jumamosi wanafika wa kidato cha kwanza na magodoro yao, na hataweza kuwalaza sakafuni huku kitanda kiko wazi. Leo binti ametoka nyumbani saa kumi alfajiri. Nimempigia simu jirani yao, ameniambia alimwona akishuka korongoni amebeba viatu mkononi, na kwamba kwenye milima ya juu wingu limekaa.

Nimefungua ule mtandao asubuhi hii, na tena mchana kabla ya kuandika haya. Mstari ni uleule, imepokelewa, ofisi ya taifa. Chini yake kuna kisanduku kidogo chenye neno "Imesomwa", ambacho hutiwa alama barua ikimfikia mfadhili. Hakina alama.